Kiwanda cha Oberndorf: Kutoka Nyumba ya Watawa hadi Nachingwea

Kiwanda cha silaha cha Oberndorf, kando ya mto Neckar kusini-magharibi mwa Ujerumani, kilianzishwa tarehe 31 Julai 1811 kwa amri ya Mfalme Friedrich wa Württemberg. Majengo yalikuwepo tayari. Yalikuwa monasteri ya Waagustino, iliyobaki tupu baada ya serikali kutwaa mali za Kanisa miaka michache kabla. Palipokuwa panasaliwa masifu pakafungwa mashine za kutoboa mitutu, na kwa zaidi ya nusu karne kilikuwa kiwanda kidogo cha mfalme mdogo, kikitengeneza bunduki za jeshi lake na kukarabati zilizoharibika. Kilicholifikisha jina lake hadi bara la Lindi, kwa Wamwera wa Nkowe na Nachingwea, ni familia ya fundi wake mmoja.

Fundi huyo aliitwa Franz Andreas Mauser. Wanawe Wilhelm na Paul, huyu wa pili aliyezaliwa 1838 akiwa kitinda mimba, walilelewa kwa ufundi huohuo. Wilhelm alijua kuongea na wateja, Paul alijua chuma. Mwaka 1871 jeshi la Ujerumani liliikubali bunduki yao ya bolti, na 1874 ndugu hao wakakinunua kiwanda walichokuwa wakikitumikia. Wilhelm alifariki 1882. Miaka mitano baadaye hisa nyingi zikaangukia mikononi mwa kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin, na kuanzia hapo Paul Mauser akawa fundi mkuu katika nyumba iliyobeba jina lake lakini ambayo funguo zake zilikuwa kwa wengine. Jambo hilo la umiliki lina uzito kuliko linavyoonekana, maana bastola itakayokuja ilirithi risasi yake kwa sababu hiyo.

Silaha ya kwanza ya michoro ya Oberndorf kufika nchi ya Lindi haikuwa bastola. Ofisa wa Kijerumani Hermann Wissmann alipokusanya askari wake mwaka 1889, wengi wao Wasudani walioandikishwa Cairo na wengine kutoka Msumbiji, aliwapa bunduki fupi ya mwaka 1871. Sheria ya tarehe 22 Machi 1891 ikaligeuza kundi hilo kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe, lenye makao Dar es Salaam na vyeo vilivyotoka Misri na Uturuki: ombasha, shaushi, efendi. Kusini walikutana na Machemba, kiongozi wa Wayao aliyejenga ngome Luagala juu ya uwanda wa Makonde na kuwasumbua Wajerumani takriban miaka kumi, hadi 1899 alipovuka Rovuma kuingia upande wa Wareno. Bunduki ya 1871 ilikuwa ya risasi moja moja, ya milimita 11, na baruti yake ilikuwa nyeusi. Kila aliyefyatua aliacha wingu la moshi mbele ya uso wake. Kwenye kichaka cha miombo wingu lile lilimwonyesha adui mahali pa kulenga, na kasoro hiyo ilikuja kuligharimu jeshi hilo miaka 25 baadaye.

Wakati huo huko Ulaya mafundi walikuwa wakihangaika na bastola. Silaha ya mkononi ya kila ofisa ilikuwa bastola ya silinda, ambayo silinda yake huzungushwa na nguvu ya kidole au nyundo, na kuijaza tena katikati ya mapigano ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Baruti isiyotoa moshi, iliyoanza kutumika majeshini katikati ya miaka ya 1880, ilifungua njia nyingine. Ilikuwa na nguvu nyingi na masizi machache, kwa hiyo teke la risasi lenyewe liliweza kutumika kuendesha mashine bila mashine hiyo kuziba kwa uchafu. Hugo Borchardt alikuwa wa kwanza kuuza bastola ya namna hiyo iliyofanya kazi vizuri, mwaka 1893, na mtengenezaji wake alikuwa Ludwig Loewe yuleyule mwenye hisa za Mauser. Ilikuwa kubwa na ya kukera mkononi, kisanduku cha springi kikichomoza nyuma, lakini risasi yake ilikuwa kazi ya akili: ndogo, ndefu, ganda lake limebanwa shingoni kama chupa.

Bastola ya Oberndorf ilizaliwa kwa mlango wa nyuma. Ndugu watatu wa familia ya Feederle, Fidel, Friedrich na Josef, waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda, walikuwa wakiichora na kuijaribu pembeni ya kazi zao za kila siku. Inaelezwa kwamba Paul Mauser hakupendezwa nayo mwanzoni, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye bunduki. Mfano wa kwanza unabeba tarehe 15 Machi 1895. Ulipoonekana unafyatua bila kukwama alibadili nia, na hati ya ubunifu ikaombwa mwaka uleule kwa jina la Mauser. Jina la Feederle halimo. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa viwanda vya zama zile, na ndiyo sababu bastola hiyo inajulikana duniani kote kwa jina la mtu ambaye hakuibuni. Uzalishaji ulianza 1896, nayo ikaitwa C96.

Ukiitazama, C96 haifanani na bastola iliyokuja kuzoeleka baadaye. Magazini haimo ndani ya mpini, imekaa mbele ya kifyatulio kama kisanduku, na mpini wenyewe ni mwembamba wa mviringo kama wa ufagio. Risasi kumi hupangwa kwenye kibanio cha bati. Mpigaji huvuta bolti nyuma, hukisimamisha kibanio kwenye mfereji ulio juu, husukuma risasi zote kwa kidole gumba hadi zishuke, kisha hukichomoa kibanio kitupu, na bolti hujirudia mbele ikiwa imesukuma risasi ya kwanza chembani. Akifyatua, mtutu na bolti hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache huku vimefungwa na kabari iliyo chini ya bolti. Kabari hiyo ikishuka, mtutu husimama, bolti huendelea peke yake, hutupa ganda nje, husimamisha nyundo, na springi huirudisha ikiwa imebeba risasi nyingine. Kila risasi inataka kuvutwa kwa kifyatulio upya, na hiyo ndiyo maana ya kuiita ya nusu-otomatiki. Mashine nzima haina skrubu hata moja isipokuwa ile inayoshikilia vibao vya mpini. Vipande vyake hushikana kwa kuingiliana, kila kimoja kikimfungia mwenzake, kama mlango wa Kiswahili usio na msumari. Ni ufundi wa kupendeza, na ni ghali mno kuutengeneza.

Ala yake ilikuwa ya mbao, na ilifanya kazi mbili. Ikichomekwa nyuma ya mpini iligeuka kitako cha kuwekea begani, na bastola ikawa bunduki ndogo. Kipimo cha kulengea kilichongwa tarakimu hadi mita 1,000. Hakuna mtu aliyempata adui kwa bastola umbali huo, na mafundi wa Oberndorf bila shaka walilijua hilo. Tarakimu zile zilikuwa za kumshawishi mnunuzi.

Risasi ndiyo iliyoishi kuliko bastola. Feederle walichukua ile ya Borchardt, wakaongeza baruti na kuibana vizuri risasi isitoke gandani, ikapewa kipimo cha milimita 7.63 kwa ganda la milimita 25. Iliondoka mtutuni kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde, na kwa karibu miaka 40 hakukuwa na risasi ya bastola iliyouzwa kwa wingi ikaishinda kwa mwendo.

Tarehe 20 Agosti 1896 Kaisari Wilhelm II aliijaribu mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha wa Potsdam. Alifurahi, lakini jeshi lake halikuinunua. Sultani wa Uturuki aliagiza 1,000, jeshi la majini la Italia 5,000, na hizo zilikuwa oda kubwa za miaka ya mwanzo. Waliobaki ni wanunuzi binafsi: wawindaji, wasafiri, na maofisa, ambao siku zile walijinunulia silaha ya kiunoni kwa fedha yao. Winston Churchill, aliyekuwa na bega bovu lisiloweza kushika upanga, alinunua yake London na kwenda nayo Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Jeshi la Ujerumani lilipochagua bastola mpya mwaka 1908 lilichukua ya Georg Luger, mwanafunzi wa kazi ya Borchardt, ambayo magazini yake imo mpinini. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Luger ilikaa vizuri mkononi na haikumlemea mtu kiunoni, na C96 yenye zaidi ya kilo moja ilimlemea.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani bastola za namna zote zilikuwa za Wazungu, na askari wa kawaida alibaki na bunduki yake ya moshi. Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbi Julai 1905 na kuenea hadi kwa Wamwera mwishoni mwa Agosti, misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zikachomwa moto. Wapiganaji walikwenda na mikuki, mishale na magobore ya kujazia mdomoni. Kilichowaua kwa wingi kilikuwa bombomu, na baada ya bombomu ikaja njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Ndani ya hesabu hiyo bastola haina nafasi ya kutajwa. Ilikuwa alama ya mwenye amri, iliyoning'inia kiunoni mwa anayeelekeza kidole.

Mwaka 1914, Paul Mauser alipofariki mwezi Mei na vita kuu kuanza miezi miwili baadaye, kampuni nyingi kati ya 14 za Schutztruppe bado zilibeba bunduki ya 1871. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka ile mpya ya mwaka 1898, isiyotoa moshi, nayo pia ya Oberndorf, na ilimfikia kwa njia za mwizi. Meli Rubens iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ikashambuliwa na manowari ya Kiingereza na kuzamishwa na nahodha wake mwenyewe kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi walitoa shehena, lakini risasi zilikuwa zimelowa chumvi. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, zikafungwa tena, na hata baada ya kazi hiyo nyingi zilikataa kulipuka. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na mizinga, bunduki na mamilioni ya risasi. Shehena hiyo iligawanywa katika mizigo ya kichwani na kubebwa na wapagazi kuelekea kaskazini, mwendo wa wiki kadhaa. Hakuna meli nyingine iliyofika. Mwaka uleule jeshi la Ujerumani, kwa uhaba wa Luger, liliagiza C96 150,000 za kutumia risasi ya milimita 9, tarakimu 9 ikachongwa mpinini na kupakwa rangi nyekundu ili askari asichanganye risasi. Njia ya kuja koloni ilikuwa imekwisha kuzibwa.

Vita vikarudi kusini 1917. Tarehe 10 Oktoba kikosi cha Waingereza kilichotoka Kilwa kiliteka Ruponda, katika Nachingwea ya leo, na Wajerumani wakapoteza akiba kubwa ya chakula waliyoiweka hapo. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 pakapiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, siku nne za mapigano ya ana kwa ana. Upande wa Waingereza, wenye Wanigeria wengi, ulipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Lettow alipoteza zaidi ya 500 kati ya 1,500 hivi. Aliitwa mshindi, lakini risasi zisizotoa moshi zilikuwa zinamwishia, na zilizobaki kwa wingi zilikuwa za bunduki ya 1871, zilezile za kumtangaza mpigaji. Mwezi uliofuata, huko Nambindinga, aliwaacha wagonjwa na kila aliyekosa risasi ya kutosha, akaelekea Rovuma na Wazungu 300 hivi na askari 1,700.

Siku hizohizo Ujerumani ilituma msaada wa ajabu. Puto kubwa la injini, L59, liliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917 na tani 15 za risasi, bombomu na dawa, likikusudia kutua uwanda wa Makonde. Halikupangiwa kurudi: ngozi yake ingekuwa mahema, vitambaa vya ndani bandeji, na nguzo zake minara ya simu ya upepo. Lilipofika Sudan, magharibi ya Khartoum, liliitwa lirudi, likatua lilikotoka baada ya saa 95 angani. Lettow akajitafutia mwenyewe. Tarehe 25 Novemba alivamia kambi ya Wareno Ngomano, akatwaa mamia ya bunduki na risasi karibu robo milioni. Bunduki rasmi ya Ureno tangu 1904 ilikuwa Mauser-Vergueiro, Mauser iliyobadilishwa bolti na ofisa wa Kireno. Kwa hiyo hata silaha ya kuteka mtoni Rovuma ilikuwa na asili ya Oberndorf.

Baada ya vita, mkataba wa Versailles uliikataza Ujerumani bastola za mitutu mirefu. Oberndorf ikafupisha mtutu wa C96, na wateja wakubwa wakawa Urusi ya Wabolsheviki na China iliyogawanyika, ambako hata viwanda vya wakuu wa majimbo viliiga C96 kwa maelfu. Kamanda wa Kikomunisti Zhu De alibeba moja kwenye maasi ya Nanchang tarehe 1 Agosti 1927, siku ambayo jeshi la ukombozi la China linaihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Warusi walitaka bastola yao wenyewe. Fedor Tokarev, akifanya kazi Tula, aliwapa moja mwaka 1930 na kuirahisisha 1933: risasi nane mpinini, mtutu unaoinama ili kujifungua. Mtambo huo aliuchukua kwa Mmarekani John Browning. Risasi aliichukua kwa Mauser, kwa sababu nchi ilikuwa na bastola na akiba ya risasi za Mauser tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mashine za kuitengeneza zingebadilika kidogo tu. Ikaitwa 7.62 badala ya 7.63, na tofauti ya vipimo ni ya nywele. Baadaye rashasha ya PPSh, yenye magazini ya duara ya risasi 71, ikapewa risasi ileile. Wachina wakainakili Tokarev wakaiita Aina ya 54.

C96 yenyewe iliacha kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1930, zikiwa zimetoka karibu milioni moja. Wafaransa waliingia Oberndorf Aprili 1945 na kuking'oa kiwanda mashine kwa mashine. Mafundi wake wakatawanyika, wengine hadi Uhispania, wakiwa na wazo la bunduki ya otomatiki waliyoianza mwaka wa mwisho wa vita. Mwaka 1949 watatu kati yao, Edmund Heckler, Theodor Koch na Alex Seidel, walianzisha kampuni mpya katika mji uleule. Wazo lililokwenda Uhispania likarudi kwao na kuwa bunduki ya G3, iliyopokewa na Ujerumani Magharibi 1959. Ureno ilinunua haki ya kuitengeneza Lisbon, ikawapa askari wake wa Angola, Guinea na Msumbiji.

Nachingwea wakati huo ilikuwa inatafuta kazi ya kufanya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaufyekea misitu na hata kutumia vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ulivunjwa 1951 baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30. Reli iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya karanga iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Yalibaki mashamba yenye namba, nyumba za mabati na barabara nyekundu. Mwaka 1965 Tanzania iliwapa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, mojawapo ya mashamba hayo, Farm 17, nayo ikawa kambi yao kuu ya mafunzo, mahali walipopitishwa wapiganaji waliotoka Kongwa na waliovuka Rovuma kwa miguu.

Samora Machel aliiongoza kambi hiyo kabla ya kuwa mkuu wa majeshi ya FRELIMO, baada ya kifo cha Filipe Magaia mwaka 1966, na rais wa chama mwaka 1970. Wapiganaji walijifunza kusoma na kulima chakula chao pamoja na kushika silaha. Mwaka 1967 wasichana wa kwanza waliingia mafunzo ya kijeshi, Josina Muthemba akiwa mmoja wao. Wakufunzi kutoka China walikuwa miongoni mwa walimu, watu wa jeshi lililojifunza vita kwa bastola za Mauser. Silaha zilitoka nchi za kijamaa: bunduki za SKS na Kalashnikov, rashasha za PPSh, na Tokarev kiunoni mwa makamanda. Risasi iliyoingia ndani ya Tokarev na PPSh ilikuwa ile ya ndugu Feederle, yenye shingo ya chupa, imebadilika jina na nchi tu. Mwenye kuijua kazi hiyo angeonya kwamba ya Kirusi imejazwa nguvu zaidi na si salama kuitia kwenye C96 kuukuu, ingawa inaingia. Ng'ambo ya Rovuma Mreno alikuwa na G3. Mji mmoja wa bonde la Neckar ulikuwa umesaidia pande zote mbili za mto.

Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974 ulimaliza vita. Mwaka uliofuata kambi ilishuhudia sura ya mwisho isiyo ya sherehe: wapinzani wa FRELIMO, Uria Simango akiwemo, waliletwa mbele ya umati Nachingwea kusoma maungamo, na hawakuachiwa tena. Mei 1975 Samora alivuka Rovuma kuanza safari ya kwenda Lourenço Marques, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Kambi ilikabidhiwa kwa Tanzania, na jina la Farm 17 leo linabebwa na shule ya sekondari. Huko Oberndorf silaha za Mauser zimepangwa kwenye makumbusho ya mji, na kampuni ya Heckler na Koch bado inatengeneza bunduki hapohapo.